Kalia Mkono wa Kushoto

Wiki iliyopita niliona gari likishangiliwa gereji kama bibi harusi. Kamshafti mpya, ekzosti pana kama mtungi, mwenyewe anakanyaga resi mpaka mabati ya paa yanatetemeka, na vijana wanamhesabia: farasi 200 hao! Kisha likatoka getini, pale penye kijituta cha mfereji, likazima. Likawashwa, likazima tena. Aliyecheka ni mimi peke yangu.

Farasi ni hesabu tu: torki mara mizunguko. Ukitaka farasi wa bei rahisi, zungusha injini haraka. Honda waliifanya kazi hiyo kwa ustadi kwenye F20C ya S2000: lita 2, farasi 240, lakini kwenye mizunguko 8,300, na torki yake, kama Nm 208, haifiki kileleni mpaka 7,500. Siibezi. Ila ifungie tela la ng'ombe uone. Sasa ichukue 1HZ ya Land Cruiser: lita 4.2, haina tabo, farasi 130 hivi, torki kama Nm 285 kwenye mizunguko 2,200. Kwenye karatasi ni aibu. Kwenye mlima wa Kitonga, na magunia nyuma, ndipo utakapoiamkia shikamoo.

Hapo wajuaji hurukia: stroki ndefu hiyo! Stroki ndefu na boa nyembamba ni mkono mrefu wa krenki na pistoni ndogo. Stroki fupi na boa pana ni mkono mfupi na pistoni kubwa. Ujazo ukiwa mmoja na msukumo mmoja, torki ni ile ile. Stroki ndefu kazi yake ni kuinyima injini mbio, maana pistoni inasafiri mbali kila mzunguko.

Wasichokitazama kamwe ni vali ya kuingiza hewa inafunga saa ngapi. Pistoni ikishafika chini na kuanza kupanda, vali hiyo bado iko wazi. Injini ikiwa kasi, hewa iliyokuwa mbioni kwenye manifoldi haijui kusimama. Inaendelea kujishindilia ndani ingawa pistoni imeshageuka. Injini ikiwa polepole, hewa haina mbio hizo, na pistoni inairudisha ilikotoka. Anayechonga kamshafti ili vali ichelewe kufunga ananunua juu kwa kuuza chini. Lile gari la gereji lilizima kwa sababu hiyo: silinda zilikuwa zinatema hewa yake zenyewe. Mabomba ya manifoldi nayo yana siri hiyo hiyo: marefu membamba hulisha chini, mafupi mapana hulisha juu. Na 1HD-T, injini yenye boa na stroki zile zile za 1HZ, milimita 94 kwa 100, inafika Nm 360 hivi kwa kuwa tabo inaishindilia hewa na dizeli inapigwa moja kwa moja juu ya pistoni.

Hewa ndiyo mtaji, na matapeli hawaitaki hesabu hiyo. Namjua mmoja aliyekuwa akifungua skrubu ya pampu, dizeli inamwagika, gari linatoa moshi mweusi hadi mwenda kwa miguu anaziba pua. Mteja anaondoka kifua mbele, akidhani moshi ni nguvu. Moshi mweusi ni dizeli iliyokosa hewa, na baada ya miezi kadhaa pistoni za gari hilo zilitoka zimeyeyuka kama mishumaa.

Mimi nina kanuni zangu. Injini ya kweli ina silinda sita, zimepangwa mstari mmoja, bloku la chuma. Silinda nne ni cherehani. Bedford za utotoni mwetu zilipanda mlima kwa sauti moja, bila haraka, na utingo akishuka kuweka gogo nyuma ya tairi alikuwa akirudi ndani bila kukimbia. Siku hizi dereva anapangua gia kama anachanganya karata.

Fundi aliyenifundisha hakupima kwa mashine. Alimpeleka muuzaji wa gari chini ya mlima, gia ya nne, mizunguko 1,500, akamwambia: "Kalia mkono wa kushoto." Mkono ukiwa chini ya paja, hakuna kupangua. Kisha anainamisha kichwa, anasikiliza kama injini inakaza sauti au inaanza kugonga.

Jana nilimrudia yule mwenye gari la ekzosti pana, nikamwomba twende mlimani. Akaniambia gari lina joto, tusubiri kwanza lipoe.