Vazi la Kubana: Kuficha Rangi si Kuficha Umbile

Ama baad. Katika Olimpiki ya Tokyo, mwaka 2021, wacheza jimnastiki wa kike wa Ujerumani walivaa vazi la kubana la kipande kimoja, lililofika vifundoni. Wapo waliolisifu kuwa ni sitara. Sisi twasema: limeficha rangi ya ngozi, halikuficha umbile. Mtume (s.a.w.) alimpa Usama bin Zayd nguo ya Kikibti, naye akampa mkewe; Mtume akaagiza avae shimizi chini yake, isije ikaonyesha ukubwa wa mifupa yake. Ameipokea Imam Ahmad.

Lakini tusipindukie mpaka. Kwa Mashafii, nguo ya kubana iliyoficha rangi, sala yake yasihi. Kwa mwanamke ni makuruhu. Basi mwenye kuwaambia mabinti wa Tabora wavaao skintaiti kuwa sala zao ni batili, amewadhulumu.

Dawa i karibu. Merikani iliyobebwa na misafara kutoka Bagamoyo hadi Tabora na Ujiji ilikuwa nguo ya kujitanda, si ya kubana. Binti avae jezi pana juu ya skintaiti, akimbie. Na wavulana wasijisahau: uchi wao ni baina ya kitovu na magoti.

Wallahu aalam.