Radhi na samahani si mamoja



Kuna mazoea yametuingia, hasa sisi tulio huku London, ya kuita kila neno la kumtuliza aliyekosewa "kuomba radhi". Mimi naliona ni kosa, tena kosa lenye madhara.

Hebu tulitazame neno lenyewe. Radhi limetoka katika Kiarabu, kwenye mzizi wenye maana ya kutosheka na kukubali. Ndugu zake ni ridhaa, kuridhia na kuridhisha. (Maradhi hayamo katika ukoo huu, jamani, ingawa masikio huyavuta, hayo yana mzizi wake mbali.) Lakini "niwie radhi" si Kiarabu kitupu. Hiyo -wia ni kitenzi chetu -wa kilichotiwa kauli ya kutendea: uwe radhi kwangu. Sasa tazama mtendaji ni nani. Ni wewe niliyekukosea. Kazi yangu mimi ni kuomba tu. Kuwa radhi ni kwako, waweza kunipa na waweza kuninyima. Ndiyo maana mzazi akitamka "siko radhi nawe", nyumba nzima hunyamaza.

Pole ni jambo jingine. Aliyejikwaa njiani nampa pole hata kama sikumsukuma. Msamaha nao ni kuachilia: deni husamehewa na kinyongo kikabaki moyoni. Na majuto ni ya mjutaji mwenyewe, hayamuulizi aliyeumizwa kitu.

Sasa tuyapime yaliyotokea. Tarehe 6 Juni 2013 William Hague, aliyekuwa Waziri wa Mambo ya Nje, alisimama Bungeni hapa London akaeleza masikitiko ya serikali yake kwa Wakenya walioteswa wakati wa Hali ya Hatari. Mapatano yalihusu watu 5,228, kwa pauni milioni 19.9, gharama za kesi zikiwamo. Papo hapo akasema serikali haikubali kuwa inawajibika kisheria. Miaka kumi baadaye, tarehe 31 Oktoba 2023, Mfalme Charles akiwa Nairobi alitaja huzuni na majuto makubwa, akaishia hapo. Kwa Kiswahili changu hayo ni pole na majuto, na zile fedha ni kifuta machozi. Nawasikia wenzetu wakisema Mfalme "aliomba radhi". Aliomba lini? Tunamwandikia tendo ambalo mwenyewe alijihadhari asilitende.

Siku iliyofuata, 1 Novemba 2023, Rais Steinmeier wa Ujerumani alikuwa Songea. Yeye aliomba msamaha waziwazi kwa waliyoyatenda Wajerumani katika Vita vya Maji Maji. Alikutana na wajukuu wa Nduna Songea Mbano, aliyenyongwa mwaka 1906, akaahidi kusaidia kulitafuta fuvu lake linaloaminika kupelekwa Ujerumani. Hapo pana tofauti kubwa na Nairobi, na lugha yetu inao uwezo wa kuionyesha. Lakini hata hapo, kilichosemwa ni ombi. Radhi iko mikononi mwa ukoo wa Mbano, na sidhani kama kuna mtu wa kuwaharakisha wakati fuvu la babu yao halijulikani liliko.

Najua nitajibiwa kwamba lugha ni ya wasemaji wake, na kwamba magazeti huandika radhi na msamaha bila kubagua. Sawa, mtu akikukanyaga kwenye basi sina ugomvi naye, aseme atakalo. Ila tunapofasiri kauli za serikali juu ya watu walioteswa na kunyongwa, neno letu litasomwa na wajukuu wao. Tukiandika kwamba radhi imeombwa, msomaji atauliza mbona hawa wazee bado wamenuna. Lawama itakuwa imeshahamia kwao, na sisi wafasiri ndio tutakaokuwa tumeihamisha.

Nawasilisha.