Kutoka ghala la korosho hadi Ikulu

Katika kata ya Mahurunga, Mtwara, karibu na Mto Ruvuma unapokaribia bahari, korosho ndiyo hesabu ya mwaka. Ada ya shule, bati za nyumba na mahari husubiri mnada. Mwenye fedha za kununua mzigo huo ana sauti ambayo diwani wa kata huenda hana. Sasa tumchukue mfanyabiashara wa kubuni kutoka huku: ana maghala, ana malori, hajawahi kushika cheo serikalini, na ameamua kwamba anautaka urais. Je, njia yake inapitia wapi, na inazibwa na nini?

Kizingiti cha kwanza kimo katika Ibara ya 39 ya Katiba. Mgombea awe raia wa kuzaliwa, awe ametimiza miaka 40, awe na sifa za kuwa mbunge. Kuna pia sharti ambalo mwalimu mstaafu atalipita mbio, lakini mwenye maghala atalisoma mara mbili: katika miaka mitano kabla ya uchaguzi asiwe ametiwa hatiani na mahakama kwa kukwepa kodi. Mwenye vitabu safi hapa hana wasiwasi.

Kinachofuata ndicho kigumu. Mgombea lazima awe mwanachama wa chama cha siasa na awe amependekezwa na chama hicho. Mchungaji Christopher Mtikila aliupinga utaratibu huu mahakamani kwa miaka mingi. Mahakama Kuu ilimpa haki mwaka 1994, kisha tena mwaka 2006. Mahakama ya Rufani ikatengua mwaka 2010. Juni 2013 Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, yenye makao Arusha, iliamua kwamba kumzuia mgombea binafsi ni kuvunja haki za raia. Katiba haikubadilishwa, na Novemba 2019 Tanzania iliondoa tamko lililowaruhusu watu binafsi na asasi kufungua mashauri moja kwa moja katika mahakama hiyo.

Ukilinganisha na hilo, wadhamini ni kazi ya miguu tu. Mgombea anahitaji wapiga kura 200 waliojiandikisha kutoka kila mkoa katika mikoa isiyopungua kumi, na miwili kati ya hiyo iwe ya Zanzibar. Jumla ni watu 2,000, na mwenye malori hawezi kushindwa kuwafikia. Anahitaji pia mgombea mwenza kutoka upande wa pili wa Muungano, maana yake awe na watu wake Unguja au Pemba kabla hajachapisha bango la kwanza.

Aliyeijaribu njia hii kwa kuwa na chama chake mwenyewe yupo: John Momose Cheyo, mfanyabiashara kutoka Bariadi, aliyejulikana nchi nzima kwa jina la Bwana Mapesa. Mwaka 1995, katika uchaguzi wa kwanza wa vyama vingi baada ya mfumo wa chama kimoja, aligombea kwa tiketi ya UDP. Alipata kura 258,734, sawa na asilimia 3.97, wakati Benjamin Mkapa, mzaliwa wa Lupaso huko huko Mtwara, alishinda kwa asilimia 61.82. Cheyo alirudi ulingoni mwaka 2000 na kupata kura 342,891, asilimia 4.20.

Kura ziliongezeka kwa zaidi ya 84,000, lakini fungu lake halikusogea hata nusu asilimia. Ngome yake ilikuwa Usukumani. Huko watu walimjua yeye na familia yake, na UDP ilipata wabunge. Nje ya hapo chama kilikuwa jina kwenye karatasi ya kura. Udhaifu wa chama cha tajiri ni huo: fedha hununua mafuta, vipaza sauti na fulana, lakini hazizai balozi wa nyumba kumi wala katibu wa tawi anayemjua kila mpiga kura kwa jina. Baada ya hapo Cheyo hakugombea tena urais. Alijijengea heshima bungeni, akaongoza Kamati ya Hesabu za Serikali.

Freeman Mbowe naye alitoka kwenye biashara, akijulikana Dar es Salaam kwa klabu ya Bilicanas. Alipogombea mwaka 2005 alikuwa tayari mbunge wa Hai na mwenyekiti wa CHADEMA. Alipata asilimia 5.88.

Chanzo kimoja cha unyonge huu ni historia. Azimio la Arusha la mwaka 1967 lilimkataza kiongozi kumiliki hisa katika kampuni, kupokea mishahara miwili au kupangisha nyumba. Kwa zaidi ya miaka 20 mtu alichagua ama duka, ama uongozi, hadi Azimio la Zanzibar la mwaka 1991 lilipolegeza masharti. Ndiyo maana orodha ya marais inasomeka kama ya ofisi za umma: walimu, mwandishi wa habari, ofisa wa jeshi, ofisa mipango. Na kuanzia Mwinyi hadi Samia, wote waliwahi kuwa mawaziri kabla ya kuingia Ikulu.

Kwingine Afrika mambo yamewahi kwenda tofauti, na mkulima wa Mtwara atauelewa mfano wa Benin bila kuelezwa sana. Patrice Talon alitajirika kwa pamba, zao linalowaweka wakulima wa Benin mikononi mwa wanunuzi kama korosho inavyofanya Kusini. Mwaka 2016 aligombea urais bila kuwa mgombea wa chama. Duru ya kwanza alishika nafasi ya pili nyuma ya Waziri Mkuu Lionel Zinsou. Walioshindwa wengi wakamuunga mkono, na duru ya pili akapata takriban asilimia 65.

Milango miwili iliyompitisha Talon haipo Tanzania. Mgombea binafsi haruhusiwi, na duru ya pili ilifutwa na mabadiliko ya Katiba ya mwaka 2000: mwenye kura nyingi kuliko wenzake anatangazwa, hata asipofikia nusu. Kwa kanuni hiyo, Benin ingempata Zinsou. Na Tume ya Uchaguzi ikishatangaza matokeo, Ibara ya 41 inazuia mahakama kuchunguza uchaguzi wa rais.

Hata ng'ambo ya Ruvuma kanuni ni nyingine. Msumbiji mgombea urais hupendekezwa na wapiga kura wasiopungua 10,000, na duru ya pili ipo. Mwaka 2024 Venâncio Mondlane, aliyewahi kufanya kazi benki na kuchambua siasa kwenye televisheni, aliachana na chama cha Renamo, akaungwa mkono na chama kidogo cha Podemos na kushika nafasi ya pili kwa asilimia 24 kwa hesabu ya Baraza la Katiba. Matokeo hayo yalipingwa vikali mitaani.

Kuna pia suala la sifa kijijini. Huku Kusini neno kangomba linatosha kumharibia mtu jina: ni yule anayenunua korosho kwa bei ya kutupa, nje ya chama cha ushirika cha wakulima (AMCOS), mkulima akiwa na njaa. Msimu wa 2018 wakulima walipozikataa bei za mnada, Rais Magufuli aliwaweka kando wanunuzi, akatangaza serikali itanunua kwa shilingi 3,300 kwa kilo na kulituma jeshi kusomba mzigo. Malipo yalichelewa na uhakiki ukawasumbua wengi, lakini huruma haikwenda kwa wafanyabiashara. Kumwaga fedha nako kuna mipaka: Mahakama Kuu ilibatilisha takrima, yaani ukarimu wa mgombea kwa wapiga kura, mwaka 2006, na Sheria ya Gharama za Uchaguzi ikafuata mwaka 2010.

Inabaki kudandia chama cha wengine. Luhaga Mpina, mbunge wa miaka mingi na waziri wa zamani, alihamia ACT-Wazalendo mwaka 2025 na kupitishwa kugombea urais. Agosti Msajili wa Vyama alibatilisha uteuzi wake kwa hoja kwamba kanuni za chama hazikufuatwa; Mahakama Kuu ikamrejesha, kisha Septemba Tume ikamwondoa tena. Ikiwa mtu wa ndani anakwama hivyo, mgeni asitarajie njia nyepesi.

Kwa kanuni zilizopo, basi, mfanyabiashara wa Mahurunga hawezi kufika Ikulu akiwa bado mgeni wa siasa. Akianza leo, fomu ya kwanza ya kuchukua ni ya udiwani wa kata yake, na kadi ya chama lazima iwe mfukoni kabla ya fomu hiyo.