"Ni" na "Ndiye": Uhakiki wa Klasi ya Utambulisho

Katika maktaba za programu za kuundia vielelezo, klasi huonyesha sifa na kazi za vitu vya aina moja. Kiolesura, kwa upande wake, ni mapatano tu: hutaja maswali ambayo kitu sharti kiweze kuyajibu, bila kueleza namna ya kuyajibu. Kiolesura cha utambulisho kina swali moja la msingi: je, huyu ndiye yule? Kasoro inayojadiliwa katika makala haya ni ya wasanifu wanaouliza swali hilo, kisha wakaridhika na jibu la swali jingine.

Kiswahili huyatenga maswali hayo waziwazi. "Huyu ni Ramazani" hutaja sifa ambayo wengi wanaweza kuwa nayo. "Huyu ndiye Ramazani" humtenga mmoja na wengine wote. Katika mazungumzo ya mashariki ya Kongo kazi hiyo hufanywa na neno "njo". Msanifu anayeunganisha jina, jimbo na nchi ili kupata ufunguo wa mtu ametumia "ni" mahali panapodai "ndiye".

Kusini mwa Maniema athari yake ni dhahiri. Mtu aliyezaliwa Kabambare mwaka 1970 alizaliwa katika jimbo la Kivu, nchini Kongo. Mwaka 1971 nchi ikaitwa Zaire. Mwaka 1972 majina ya Kikristo yakapigwa marufuku, na Rais Joseph-Désiré Mobutu mwenyewe akawa Mobutu Sese Seko. Mwaka 1988 Maniema ikawa jimbo. Mwaka 1997 nchi ikarudia jina la Kongo. Mtu huyo hajahama kijijini kwake, lakini mashine iliyomhifadhi kwa sifa za kwanza, ikimtafuta kwa sifa mpya, haimwoni ingawa yumo. Kasongo ina mfano wa zamani zaidi: Hamed bin Muhammed el Murjebi, aliyekuwa na makao huko katika karne ya 19, ndiye Tippu Tip. Hakuna ulinganisho wa herufi utakaogundua jambo hilo.

Dawa inayojulikana ni ufunguo usiobadilika na usiobeba maana yoyote, majina na mahali vikiwa sifa zenye tarehe. Dawa hiyo ni sahihi, lakini haitoshi. Mtu akiandikishwa mara mbili hupewa funguo mbili, na mashine humhesabu kuwa watu wawili. Nchini Kongo, ambako miongo mingi ilipita baada ya sensa ya mwaka 1984 bila sensa nyingine, na kadi ya mpiga kura ikatumika kama kitambulisho, hatari hiyo si ya kinadharia.

Hivyo basi, kiolesura kamili sharti kiruhusu kumbukumbu mbili kuunganishwa kwa ushahidi, na kihifadhi ni nani aliyeutoa na lini. "Ni" yaweza kusomwa katika karatasi; "ndiye" ni neno la shahidi.