Dark Waters: Kesi ya maji haimalizwi kwa hela tu

Kama hujaiona Dark Waters, filamu ya Todd Haynes ya 2019, itafute. Mimi na wenzangu wa maabara tuliiangalia hapa Mbeya kwenye laptop moja; umeme ukakatika, tukaendelea na chaji iliyobaki. Ni filamu nzuri. Ila kuna sehemu imenikera, na nataka nikwambie kwa nini.

Kisa ni cha kweli. Mwaka 1998 mfugaji Wilbur Tennant wa Parkersburg, West Virginia, alimfuata wakili Rob Bilott akiwa na kanda za video: ng'ombe wake walikuwa wanakufa. Kiwanda cha DuPont kilikuwa kinatumia PFOA kutengenezea Teflon, ile inayofanya chakula kisigande kwenye kikaango. Kemikali hiyo ilifika hadi kwenye maji ya kunywa. Haiozi, na ikiingia mwilini inakaa miaka.

Mwaka 2004 kampuni ilikubali kumalizana na wananchi. Hapa ndipo penyewe sasa. Makubaliano yaligharamia jopo la wanasayansi watatu waliokubaliwa na pande zote mbili. Watu kama 69,000 wakatoa damu. Kufikia 2012 jopo likaihusisha PFOA na magonjwa 6, yakiwemo saratani ya figo na ya korodani. Kwa ushahidi huo, mwaka 2017 kesi zaidi ya 3,500 zilimalizwa kwa dola milioni 671.

Filamu inafanyaje? Foleni ya kutoa damu tunaiona, halafu miaka yote ya uchunguzi inageuzwa kipindi cha kusubiri: wakili kachoka, mkewe ana wasiwasi. Kazi ya kulinganisha damu, maji na magonjwa haionekani kabisa. Unaondoka ukidhani ushindi aliuleta jamaa mmoja jasiri. Ujasiri ulifungua mlango, sawa, lakini vipimo ndivyo vilivyoshinda kesi.

Usiseme hayo ni ya Wamarekani. Owino Uhuru, Mombasa, kiwanda cha kuyeyusha betri kilichafua mtaa kwa madini ya risasi. Mwaka 2020 mahakama iliwapa wakazi fidia ya shilingi za Kenya bilioni 1.3. Mahakama ya Rufani ikaifuta 2023, Mahakama ya Juu ikairudisha Desemba 2024. Miaka yote hiyo wakazi hawakushika hata senti ya fidia hiyo. Wangekuwa hawana majibu ya vipimo vya damu, wangesimama na nini mahakamani?

Sasa turudi nyumbani. Chunya wachimbaji wadogo wanakamatia dhahabu kwa zebaki. Ilula, kule Iringa, nyanya zinapigwa dawa msimu mzima. Sisemi maji ya huko yana sumu. Nauliza tu: siku mtu akiugua, tutalinganisha na nini? Kipimo kilichochukuliwa kabla ya ugomvi hakuna wakili anayeweza kukitengeneza baadaye. Na kupima vijidudu peke yake hakuwezi kukuonyesha zebaki.

Kwa hiyo iangalie filamu, halafu mkutano wa kijiji ukiitishwa nenda ukaulize: maji yetu yamepimwa kemikali zipi, lini, na karatasi ya majibu iko wapi?