Koti la Kileleni Halianzii Barafu

Kosa lilifanyika kambini Barafu, Kilimanjaro, kabla hata mguu haujanyanyuliwa. Waliozitazama video za upandaji wa Desemba, ule wa kuadhimisha Uhuru, wameliona wenyewe: saa sita usiku, taa za kichwani zinawaka, mpandaji anatoka hemani akiwa ndani ya koti nene la manyoya ya bata, zipu hadi kidevuni, kofia ya koti juu ya kofia ya sufu. Kiongozi anamwangalia, anaridhika, safari inaanza. Mtu anayekwenda kupanda mita 1,222 kwa miguu yake amevaa kama mlinzi wa ghala anayekwenda kuketi kwenye benchi hadi kukuche.

Usiku wa wengi huharibikia hapo. Lawama hupelekwa Stella Point, karibu na kilele, kwa upepo na urefu wa mlima, lakini mchezo ulishapotea kambini.

Hesabu yenyewe haina ugumu. Barafu iko mita 4,673 na kilele cha Uhuru ni 5,895. Katikati kuna saa sita hadi nane za kupanda bila tambarare ya maana. Mwili uliokaa kimya huzalisha joto la wati 100 hivi. Ukipandisha mlima na begi mgongoni, joto hilo huongezeka mara kadhaa, hata kwa mwendo wa pole pole. Koti nene la manyoya limetengenezwa kuhifadhi joto la mtu aliyetulia. Kitambaa chake kimefumwa kwa kubana ili manyoya yasichomoze, na kwa kubana huko mvuke wa jasho nao hupata shida kutoka. Unapanda hadi kwenye kitambaa cha nje kilichopoa, unageuka maji, maji yanarudi kwenye manyoya.

Kinachofuata kinaonekana kwenye video hizo hizo kwa mwenye jicho. Tazama mabega. Saa sita usiku vile vifuko vya manyoya vimetuna kama kawaida. Kukipambazuka, chini ya mikanda ya begi na mgongoni vimelala bapa, na mpandaji akishusha begi havinyanyuki tena. Manyoya hayatengenezi joto. Kazi yake ni kushika hewa isitembee. Yakilowa hushikana, hewa hutoka, na nafasi yake huchukuliwa na maji, ambayo hupitisha joto takriban mara 25 zaidi ya hewa.

Halafu kundi linafika Stella Point, mita 5,756. Wanasimama kunywa chai na kupiga picha. Misuli imeacha kazi, upepo unapiga, joto la mwili linashuka kwa kasi. Hapo sasa ndipo koti nene, kavu, lililotunzwa begini, lingepaswa kutoka na kuvaliwa juu ya yote. Halipo. Lilishavaliwa tangu Barafu, limeshalowa, na chini yake hakuna cha kupunguza wala juu yake cha kuongeza. Akiba yote ilitumika wakati haihitajiki.

Viongozi wana utetezi wao: mtu akisimama Barafu dakika kumi bila koti atatetemeka. Ni kweli, kwa sababu amesimama. Avae koti nene hemani, anywe chai akiwa nalo, alivue dakika ya mwisho na kulitia kwenye mfuko usiopitisha maji. Atasikia baridi mwanzoni, na kabla kundi halijaimaliza miamba ya juu ya kambi mwili utakuwa umechangamka.

Mengine yalikwenda vizuri: mwendo, maji ya kunywa kukingwa yasigande, kazi ya wagumu, yaani wapagazi.

Ila fulana! Safu hii haitachoka. Bado kuna misafara inayogawa fulana za pamba zenye nembo ya mfadhili na kuwataka watu wapande nazo. Pamba hunywa jasho na kukaa nalo. Ukiweka pamba chini ya manyoya umemfungia mtu kitambaa kibichi kifuani. Nembo ipigwe picha getini, kisha fulana irudi begini.

Kifaa sahihi cha kupandia kipo, na wala si kipya. Nyuzi za PrimaLoft zilibuniwa Marekani miaka ya 1980 baada ya jeshi kutaka kitu kitakachoshika joto hata kikilowa. Nyuzi za Polartec Alpha, nazo zenye asili ya mahitaji ya jeshi, zikaja kulenga shida ya Barafu hasa: askari anayekimbia, kulala kifudifudi na kukimbia tena bila nafasi ya kubadili nguo. Kampuni ya Patagonia ikatoa jaketi la Nano-Air mwaka 2014 kwa wazo hilo hilo. Jaketi la namna hii lina gramu 300 hadi 400, kitambaa kinachoruhusu mvuke kupita, na nyuzi zisizonywea hovyo zikipata jasho. Upepo ukizidi, jaketi jembamba la kuzuia upepo huvaliwa juu yake. Koti la manyoya libaki na heshima yake kwa kazi yake: kusimama, kambini, na milima mirefu ambako mtu husogea kwa shida. Mpanda milima George Finch alikuwa na koti la manyoya lililoshonwa kwa kitambaa cha puto huko Everest mwaka 1922, na alikuwa na haki.

Anayetaka mwalimu asiende mbali. Mtanzania Simon Mtuy, mwaka 2006, alipanda na kushuka Kilimanjaro kwa saa 9 na dakika 21 akibeba mwenyewe chakula, maji na nguo zake. Karl Egloff wa Ekuado alikuja kutumia saa 6 na dakika 42 mwaka 2014, na vijana wengi humtaja yeye tu. Kwa kasi, sawa. Kwa somo la nini kivaliwe na nini kibebwe, Mtuy anabaki juu, kwa kuwa kila gramu ilikuwa juu ya mgongo wake. Wapandaji wa leo, ambao mzigo wao mkubwa hubebwa na mgumu, hawana sababu ya kushindwa kubeba jaketi la pili.

Na hao wagumu ndio wanaosahauliwa. Mjadala wa manyoya na nyuzi ni wa wateja. Mgumu huvaa alichonacho. Mradi wa kusaidia wapagazi wa Kilimanjaro, KPAP, mjini Moshi, ulioanza mwaka 2003, huwaazima nguo za mlimani. Kazi ya kuwavika isingepaswa kuachiwa mradi mmoja.

Huku Musoma Vijijini somo hili halihitaji video. Mvuvi wa dagaa wa Bwai, kata ya Kiriba, anajua ni wakati gani jaketi linavaliwa: taa zikiwa majini na yeye amekaa kusubiri dagaa wakusanyike, analo mwilini, wavu ukianza kuvutwa, linawekwa pembeni likae kavu. Dereva wa bodaboda naye huvaa jaketi nene kinyume, zipu mgongoni, upepo usipate mlango kifuani. Yeye ameketi, unene unamfaa. Wote wawili wameanza kwa kuuliza mwili utafanya kazi gani, swali ambalo halikuulizwa Barafu.

Kwa watakaonunua mitumba, iwe soko la Nyasho mjini Musoma au Memorial ya Moshi: muuzaji atatundika mbele lile lililotuna, kwa sababu linavutia. Chimba lundo. Geuza jaketi ndani nje usome lebo. Pale panapotajwa kujazwa kwa nyuzi za polyester ndipo pa kuanzia. Lifinye kwenye ngumi kisha liachie: likibaki limekunjamana, nyuzi zimechoka. Weka mdomo kwenye kitambaa upulize. Pumzi ikipenya kidogo, mvuke nao utapenya, na isipopenya kabisa hilo ni la kukalia. Angalia pia kama zipu inashuka hadi chini bila kukwama, maana hiyo ndiyo itakayofunguliwa mara nyingi usiku ule.

Orodha za vifaa za Desemba ijayo zibadilishwe mstari mmoja tu. Panapoandikwa "koti zito 1", yaandikwe majaketi mawili, na mbele ya kila moja mahali pa kulivaa: jepesi Barafu, nene Stella Point.