Heshima ya Kustaafu Jeshini

Jeshi la Wananchi wa Tanzania (JWTZ), lililoundwa tarehe 1 Septemba 1964 baada ya uasi wa wanajeshi wa Januari mwaka huo uliosababisha jeshi la awali, Tanganyika Rifles, kuvunjwa, linastahili pongezi kwa namna linavyokuza askari na kisha kuwaaga kwa heshima. Jenerali anayestaafu huandaliwa gwaride, yaani mpangilio wa vikosi vinavyopita kwa hatua moja mbele yake, naye hukagua safu na kupokea saluti akiwa kazini kwa mara ya mwisho. Mwaka 2022, Jenerali Venance Mabeyo, aliyekuwa Mkuu wa Majeshi tangu 2017, alimpisha Jenerali Jacob Mkunda kwa utulivu unaodhihirisha kwamba cheo ni dhamana ya taifa, wala si mali ya mtu.

Hata hivyo, heshima hiyo haiishii kwa majenerali, kwani wengi waliopigana Vita vya Kagera dhidi ya Uganda vya 1978 na 1979 walikuwa askari wa kawaida, ambao baadhi yao leo huishi vijijini kwa pensheni, yaani malipo ya uzeeni. Jamii iwatambue, iwasikilize na kuwatunza wangali hai.